Mshika Mbili: Habari za Waliosoma Huku Wakifanya Kazi

Wahenga wetu walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ni methali njema, na hapana shaka imewaokoa watu wengi katika tamaa zao. Lakini haifai mwanafunzi wa historia kuipokea methali yo yote kabla ya kuipima kwa matendo ya wanadamu. Katika insha hii nataka tuipime methali hiyo pamoja, wewe na mimi, kwa kuwatazama watu wa namna moja tu: wale waliokwisha kuingia katika kazi, wenye mshahara na jamaa wa kulisha, kisha wakarudi kwenye masomo ya juu bila ya kuiacha kazi yao.

Huenda watu wa namna hiyo si wageni kwako. Huenda mwalimu akufundishaye leo ni mmoja wao. Mchana wamwona akisahihisha madaftari yenu. Usiku, asipoonekana na mtu, anaandika kazi yake mwenyewe ambayo itasahihishwa na mwalimu mwingine. Shule inapofungwa nyinyi mwaenda nyumbani kupumzika, naye afunga sanduku lake na kwenda chuo kikuu kuketi darasani kama mwanafunzi. Je, umepata kujiuliza desturi hiyo ilianzia wapi? Haikuwako tangu zamani. Ilijengwa na watu, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na wapinzani wake.

Turudi nyuma miaka mia mbili, twende Uingereza, maana huko ndiko ulikotoka mtindo wa vyuo vikuu tuliourithi sisi. Katika nchi ya England, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, vyuo vikuu vilikuwa viwili tu, Oxford na Cambridge. Mtu aliyetaka shahada sharti aende akakae huko kwa miaka kadhaa, ale huko na alale huko, na zaidi ya hayo awe mfuasi wa Kanisa la Kianglikana. Shahada ilikuwa mali ya mtu mwenye nafasi. Fundi wa saa, karani wa bohari, au mwalimu wa shule ndogo ya kijijini, hata akiwa na akili nyingi namna gani, hakuwa na njia, kwa kuwa hakuweza kuiacha kazi iliyompa mkate wake.

Mtu wa kwanza tutakayemtaja ni daktari mmoja jina lake George Birkbeck. Mwaka 1799 alikwenda Glasgow, katika Uskoti, kufundisha sayansi. Alipokuwa akitengenezewa vyombo vya majaribio, aliwaona mafundi wakivikusanyikia na kuuliza maswali mengi juu ya kazi ya vyombo hivyo. Birkbeck hakuwafukuza. Aliona kuwa watu hawa walikuwa na kiu ya elimu na hawakuwa na kisima, basi akaanza kuwafundisha bila malipo. Baadaye alihamia London, na mwaka 1823 yeye na wenzake wakaanzisha chuo cha mafundi ambacho masomo yake yalifanywa jioni, kazi za mchana zikiisha. Walikuwako watu wakubwa waliokasirika, wakidai kuwa kumwelimisha mfanyakazi ni kupanda mbegu ya uasi. Lakini mafundi walikuja kwa wingi, na kuanzia mwaka 1830 wanawake nao walikubaliwa. Chuo hicho kingali hai mpaka leo, nacho huitwa Birkbeck, na tangu mwaka 1920 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha London.

Hata hivyo, kwa muda mrefu chuo cha jioni hakikuweza kumpa mtu shahada. Mfanyakazi aliweza kupata elimu, ila hakuweza kupata ushahidi wa elimu yake. Chuo Kikuu cha London kilipopewa hati yake ya kwanza mwaka 1836, kiliruhusiwa kuwatahini watu na kuwapa shahada, lakini mtahiniwa alipaswa kuleta cheti cha kuthibitisha kuwa amehudhuria katika mojawapo ya vyuo vilivyokubaliwa. Mlango ulikuwa umefunguliwa nusu tu.

Mwaka 1858 ndio mwaka ninaotaka uukumbuke kuliko miaka yote itakayotajwa katika insha hii. Katika mwaka huo London kilipata hati mpya, na sharti la kuhudhuria chuo likaondolewa, isipokuwa kwa masomo ya udaktari. Tangu siku hiyo, mtu aliyetimiza masharti ya kuingia na kulipa ada aliweza kujiandaa po pote alipotaka: chuoni, chumbani mwake, au nyuma ya duka alilolinda. Liangalie vizuri badiliko hili. Zamani mtahini alimwuliza mtahiniwa, umekaa wapi? Sasa alimwuliza, wajua nini? Swali la kwanza lilimfaa tajiri peke yake. Swali la pili aliweza kulijibu hata yeye aliyesoma usiku kwa mwanga wa taa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1878, London kikawa chuo kikuu cha kwanza katika Uingereza kuwakubali wanawake kupata shahada, na mwaka 1880 wanawake wanne walipokea shahada zao za kwanza.

Lakini mtu asomaye peke yake ni kama baharia asiye na dira. Nani atamwambia kuwa amekosea? Jibu lilitoka mahali ambapo hapakutazamiwa, nalo ni posta. Mwaka 1840 serikali ya Uingereza iliweka bei moja ndogo kwa barua zote za nchini, na papo hapo mwalimu mmoja wa hati mkato, Isaac Pitman, akaanza kuwapelekea wanafunzi wake masomo kwa posta. Mwanafunzi aliifanya kazi aliyopewa, akaituma, ikasahihishwa na kurudishwa. Mtindo huo ukaenea. Mwaka 1887 William Briggs alianzisha chuo kilichokusudia hasa kuwaandaa watu kwa mitihani ya London kwa njia ya barua. Basi viungo vitatu vilikwisha kukutana: darasa la jioni, mtihani ulio wazi kwa watu wote, na barua iendayo na kurudi. Masomo yote ya wafanyakazi yaliyofuata, hata haya ya siku hizi yanayopita katika intaneti, yametokana na viungo hivyo vitatu.

Sasa tuwatazame watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mwaka 1866, wakaishi katika mji mmoja, na wote wawili wakajaribu kushika mbili.

Wa kwanza ni Ramsay MacDonald, kijana maskini kutoka Uskoti. Alikuja London mwaka 1886 kutafuta kazi, akapata kazi ya kuandika anwani juu ya bahasha, na baadaye ukarani. Jioni alikwenda Birkbeck kusoma sayansi, naye alitumaini kuwa mwanasayansi. Alisoma mno na kula kidogo. Mtihani ulipokaribia mwili wake ulishindwa. Aliugua kwa uchovu, asiweze kufanya mtihani, na safari yake ya sayansi ikaishia hapo. Methali yetu ilimpata. Baadaye aliingia katika siasa, na mwaka 1924 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa chama cha Labour katika Uingereza. Basi asidhani mtu kwamba maisha yake yaliharibika; lakini shahada aliyoitafuta kwa jasho la usiku ilimponyoka.

Wa pili ni H. G. Wells. Huyu alipokuwa kijana aliwekwa katika duka la nguo ajifunze biashara, akachukia. Alipata nafasi ya kusoma sayansi London tangu mwaka 1884, lakini mwaka 1887 aliondoka chuoni bila shahada. Akawa mwalimu wa shule. Sasa angaliweza kusema kuwa bahati yake imekwisha. Badala yake, akiwa bado anafundisha, alijiandaa upya kwa mtihani ule ule wa London uliofunguliwa mwaka 1858, na mwaka 1890 akapata shahada yake ya sayansi. Kisha akafanya kazi ya kuwafundisha wengine katika chuo cha Briggs, yaani wafanyakazi kama alivyokuwa yeye. Wells alishika mbili na zote akazipata. Walakini tusifiche kitu: mwaka 1893 mapafu yake yalitoa damu, akalazimika kuacha ualimu, na tangu hapo akaishi kwa kalamu yake. Kitabu chake cha hadithi kiitwacho The Time Machine, kilichotolewa mwaka 1895, kilimpa sifa duniani kote.

Watu wawili, mwaka mmoja wa kuzaliwa, mji mmoja, na matokeo mbalimbali. Waona basi kwamba hati ya mwaka 1858 ilifungua mlango tu. Haikuongeza saa katika siku, wala haikutia chakula mezani.

Mfano unaofuata unatuhusu sisi zaidi. Katika miaka ya 1930 alikuwako London mtu mmoja kutoka Kenya aliyekaribia umri wa miaka arobaini au aliyekwisha kuupita, maana mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa. Alikuwa amesoma shule ya misheni, akafanya kazi katika idara ya maji ya Nairobi, akahariri gazeti la Muigwithania, kisha akatumwa Uingereza kupeleka malalamiko ya watu wake juu ya ardhi. Huyo ni Jomo Kenyatta. Hakuwa na shahada ya kwanza, na maisha ya London yalikuwa ghali. Alifanya kazi ya kuwasaidia wataalamu wa matamshi katika University College, akiwatolea sauti za lugha ya Kikuyu. Sauti zake zilimsaidia Lilias Armstrong kuandika kitabu chake juu ya matamshi ya lugha hiyo. Hata katika sinema moja iliyotolewa mwaka 1935, Sanders of the River, Kenyatta alionekana katika nafasi ndogo, kwa kuwa fedha zilihitajika.

Na katikati ya shughuli hizo aliingia darasani kusoma elimu ya mila na desturi za watu katika London School of Economics, chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Somo hilo lilikuwa la watu waliokwisha kupata shahada. Kenyatta hakuwa na vyeti vilivyotakiwa, lakini Malinowski alimpokea, kwa kuwa aliona faida ya Mwafrika kuandika mwenyewe habari za watu wake. Tena Kenyatta alipata msaada wa fedha kwa ajili ya masomo hayo. Matunda yake ni kitabu Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938. Wakati wa vita vilivyofuata alikuwa katika kijiji kimoja cha Sussex akifanya kazi za shamba, naye akatoa mihadhara kwa Chama cha Elimu ya Wafanyakazi, chama kilichoanzishwa mwaka 1903 ili kupeleka elimu ya juu kwa watu wa kazi. Hivyo mtu aliyesoma huku akihangaikia riziki yake alisimama mbele ya wengine wa hali hiyo hiyo kama mwalimu wao.

Mtindo wa London ulikuwa umevuka bahari zamani. Vyuo vikuu vya Calcutta, Bombay na Madras, vilivyoundwa mwaka 1857, vilifuata mfano wake wa kutahini. Katika Afrika ya Kusini, mwaka 1873, kiliundwa chuo kikuu cha kutahini kwa mfano huo huo, na mwaka 1916 kikageuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini, kijulikanacho kwa jina la Unisa. Mmoja wa wanafunzi wake atatuonyesha jinsi safari hii iwezavyo kuwa ndefu.

Nelson Mandela alifika Johannesburg mwaka 1941, baada ya kufukuzwa chuoni Fort Hare kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi. Alipata kazi katika ofisi ya mawakili. Alikaa Alexandra, mtaa wa watu maskini usio na umeme, akasoma usiku kwa mwanga wa mshumaa, na siku nyingine alikwenda kazini kwa miguu ili kuiweka nauli ya basi. Kwa njia hiyo alimaliza shahada yake ya kwanza kwa Unisa, akaipokea mwaka 1943. Mwaka huo huo alianza shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mchana akiwa kazini. Mambo yakawa mengi: kazi, ndoa, watoto, na siasa iliyozidi kumvuta. Alishindwa mitihani ya mwisho mara kwa mara, na mwaka 1952 akaondoka bila shahada hiyo, ijapokuwa alifaulu mtihani mwingine uliomruhusu kufanya kazi ya uwakili.

Mwaka 1962 alifungwa gerezani. Huko aliyarudia masomo ya sheria, safari hii kwa mitihani ya London, huku mchana yeye na wenzake wakichimba chokaa katika kisiwa cha Robben. Kazi hiyo haikuwa ajira, ilikuwa adhabu. Lakini usiku ulikuwa ule ule wa mtu aliyechoka mwenye kitabu mkononi. Mwaka 1977, maofisa walipogundua kwamba ameandika kwa siri habari za maisha yake, alinyang'anywa ruhusa ya kusoma kwa miaka minne. Hakuimaliza shahada ya London. Akajiandikisha tena Unisa, na mwaka 1989, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 70, akapewa shahada ya sheria aliyoianza mwaka 1943. Hesabu mwenyewe: ni miaka 46. Cheti kilitolewa yeye akiwa bado kifungoni. Mandela anatufundisha kwamba kitu kikiponyoka si lazima kiwe kimepotea. Huweza kulala chini miaka mingi kikimngoja mwenyewe ainame akiokote.

Sasa na turudi nyumbani, Afrika ya Mashariki. Makerere kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na mwaka 1949 kikafanywa chuo kikuu kishiriki cha London, hata wanafunzi wake wa kwanza wakapokea shahada za London katika miaka ya 1950. Nairobi nako, chuo cha ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956 kiliingia katika mpango huo huo wa London mwaka 1961. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi zetu. Wengi walioachwa nje waliegemea posta. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya katika Nairobi, alijiandikisha kusoma uchumi kwa barua na chuo kimoja cha Afrika ya Kusini, kabla hajapata nafasi ya kwenda Ruskin College, Oxford, mwaka 1955.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, watoto walifurika shuleni, na maelfu ya walimu wa shule za msingi walikuwa watu wasiopata mafunzo ya ualimu. Serikali ingefanya nini? Kama ingewaita wote vyuoni kwa pamoja, nani angewafundisha watoto? Jibu lilipatikana Kikuyu, karibu na Nairobi, mahali palipokuwa na kituo cha elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 ilianzishwa huko idara ya masomo kwa posta chini ya chuo kikuu cha Nairobi. Mwalimu alipelekewa vitabu vya masomo, akasikiliza vipindi katika redio ya Sauti ya Kenya, akaandika majibu yake na kuyatuma Kikuyu yasahihishwe. Asubuhi alisimama mbele ya darasa lake kama kawaida. Masomo yale hayakuwa ya shahada, lakini yaliwawezesha walimu wengi kupanda daraja. Tena ujue ya kuwa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kisifiwacho duniani kwa kufundisha kwa posta, redio na televisheni, kilipata hati yake mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971. Kikuyu walikuwa wamekwisha kuanza.

Toka hapo hatua zikafuatana. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya elimu kwa walimu wasomao wakiwa mbali. Watanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria chao kwa sheria ya mwaka 1992, kikafunguliwa mwaka 1993. Mwaka 1998 Nairobi kikafungua masomo ya wanafunzi wanaojilipia wenyewe, na madarasa mengi ya masomo hayo, hata ya shahada ya uzamili, yaliwekwa jioni na mwisho wa juma, ili makarani, wauguzi na maofisa waweze kuyahudhuria wakitoka kazini. Vyuo vikuu vingine vikafuata, na walimu wakapangiwa masomo katika likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Watu walinung'unika pia, na manung'uniko yao yalikuwa na maana: mwenye fedha alipata nafasi kwa wepesi kuliko maskini mwenye akili, na darasa la usiku lilimchosha mhadhiri aliyekwisha kufundisha tangu asubuhi. Mwaka 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yake yakiwa Konza, kifundishe kwa njia ya intaneti.

Tumetembea miaka mia mbili. Sasa tufanye hesabu kidogo, maana historia bila hesabu yaweza kutudanganya. Juma moja lina saa 168. Mtu akilala saa 8 kila usiku, saa 56 zimekwenda. Kazi tuseme ni saa 45. Safari ya kwenda na kurudi, saa 2 kwa siku tano, ni saa 10. Kupika, kula, kuoga na kufua, saa 3 kila siku, ni saa 21. Watoto, shamba, ibada, wagonjwa na misiba ya jirani huchukua saa 20 kwa uchache. Jumlisha: ni saa 152. Zimebaki saa 16. Katika saa hizo 16 ndimo mtu asome, aandike na afikiri, akiwa amekwisha choka. Na mtoto akiugua siku mbili tu, saa hizo nazo zimekwisha.

Ndiyo maana sipendi kuwasikia watu wakisema kwamba aliyefaulu katika njia hii alikuwa na bidii, na aliyeshindwa alikuwa mvivu. MacDonald hakuwa mvivu. Tazama tena mifano yetu, nawe utaona jambo moja limo katika yote. Mafundi wa London walikuwa na Birkbeck. Wells alikuwa na mtihani uliokuwa wazi. Kenyatta alikuwa na profesa aliyemkubali bila vyeti, pamoja na msaada wa fedha. Walimu wa Kikuyu walikuwa na posta, redio, na msahihishaji aliyerudisha karatasi zao. Na nyuma ya kila mmoja, hata asipotajwa katika vitabu, alikuwako mtu aliyepika chakula, aliyewanyamazisha watoto, au aliyevumilia kuona mshahara ukipungua kwa ajili ya ada. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mke au mama. Na mwanafunzi akiwa ni mwanamke, aghalabu alisoma bila kupata mtu wa kumpikia, kwa hiyo mzigo wake ulikuwa mara mbili.

Je, methali yetu ni ya uongo? La, si ya uongo. Mtu mwenye mikono miwili akishika mbili peke yake, moja humponyoka. MacDonald ni shahidi. Lakini wahenga hao hao walituachia na neno jingine, kwamba mkono mmoja haulei mwana. Historia ya waliosoma huku wakifanya kazi ni historia ya kuongeza mikono: mkono wa sheria uliobadili swali la mtahini, mkono wa posta uliopeleka somo kijijini, mkono wa mwajiri aliyeruhusu saa moja, mkono wa jamaa nyumbani. Mikono hiyo ilipokuwapo, wengi walishika mbili na kufika nazo.

Basi, msomaji wangu, wewe sasa uko shuleni na wasoma mchana. Huenda mambo yakakuendea vema, ukaingia chuo kikuu moja kwa moja. Huenda kwanza ukalazimika kufanya kazi, kisha siku moja, ukiwa na miaka thelathini au arobaini, ukatamani kurudi. Siku hiyo usijiulize tu kama unayo akili ya kutosha. Jiulize saa zako 16 ziko wapi, ada itatoka wapi, na ni nani atakayekushikia upande wa pili. Kisha umwendee mtu huyo ukamwambie wazi utakavyomhitaji, kabla hujatia sahihi yako katika karatasi ya chuo. Na kabla ya siku hiyo kufika, kama katika nyumba yenu au katika shule yenu yuko mtu asomaye usiku baada ya kazi, punguza sauti ya redio, osha vyombo bila kuambiwa, na umwachie taa.